Uwanja Kunoga: Mintarafu ya Viwanja vya Kandanda na Lugha ya Wapenzi Wake

Miongoni mwa mambo ambayo wapenzi wa kandanda hubishana bila ya kuchoka ni hili la uwanja ulio bora kuliko vyote. Aghalabu jibu la kwanza hutolewa kwa hesabu: uwanja fulani huchukua watu 60,000, na mwingine 80,000, kana kwamba ubora wa uwanja hupimwa kama ubora wa ghala. Lakini mshabiki akiulizwa kwa utulivu ni wapi alipopata kusisimkwa mwili, mara nyingi hutaja mahali pengine kabisa, pengine pembamba, pamechakaa, tena pasipo kivuli. Basi kuna kitu ambacho hesabu haikigusi. Na kabla ya kukitafuta katika zege na chuma, yafaa kitafutwe katika maneno.

Wajerumani hukiita Stimmung, neno ambalo hutumika pia katika kulinganisha nyuzi za ala za muziki. Waingereza hutumia neno lile lile linalotaja hewa iliyoizunguka dunia, na mtu akilifasiri neno kwa neno na kusema "angahewa ya uwanja", msomaji wa Kiswahili hutazamia habari za mvua. Maneno mengine yaliyo karibu hayatoshi. Hamasa hukaa moyoni mwa mtu mmoja mmoja, na mtu aweza kuwa nayo akiwa peke yake chumbani. Shamrashamra ni za sherehe, wala hazihitaji mshindani. Kelele ni sauti tu. Neno lifaalo lipo, na watu wa kawaida hulitumia kila siku pasipo kungoja ruhusa ya wataalamu: husemwa kwamba uwanja umenoga.

Kunoga ni kitenzi, na hapo pana maana kubwa. Mchuzi hunoga viungo vinapoingia. Mazungumzo hunoga yanapopata watu wake. Ngoma hunoga wakati mpigaji, mwimbaji na mchezaji wanapokuwa kitu kimoja. Hakuna mchuzi ulionoga kabla ya kupikwa. Vivyo hivyo, kwa fikira iliyomo katika Kiswahili, uwanja haumiliki hali hii kama unavyomiliki viti na taa. Hali hiyo hutukia, na siku nyingine haitukii. Wajenzi hununua viungo tu. Hata hivyo viungo vina sheria zake, na mjenzi mbaya aweza kuuharibu mchuzi kabla moto haujawashwa.

Sheria ya kwanza ni ukaribu. Huko Torino, Italia, ulijengwa uwanja wa Delle Alpi kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1990. Ulikuwa mkubwa, na kati ya majukwaa na majani ilipita njia ya wakimbiaji. Juventus, klabu yenye wapenzi wengi kuliko zote nchini humo, ilicheza hapo mbele ya viti vitupu miaka mingi. Mwisho uwanja ulivunjwa, na mahali pale pale ukajengwa mwingine, uliofunguliwa mwaka 2011, wenye nafasi ya watu kiasi cha 41,000 tu na usio na njia ya wakimbiaji. Klabu ilipunguza viti vyake kwa maelfu mengi, na ikapata uwanja unaonoga. Sababu si ya kichawi. Njia ya riadha ya mita 400 huviringa kwenye ncha mbili za uwanja, na kwa hiyo huwasukuma mbali zaidi wale wakaao nyuma ya magoli, ambao kwa desturi ndio waimbaji na wapiga ngoma. Kuwaweka hao mbali ni sawa na kuipeleka ngoma nje ya ua. Kinyume chake ni uwanja wa Boca Juniors huko Buenos Aires, uliofunguliwa mwaka 1940. Kiwanja kilikuwa kidogo, wajenzi wakalazimika kupanda juu badala ya kwenda kando, na majukwaa yake yamesimama wima hata yakaitwa La Bombonera, yaani sanduku la peremende. Ufinyu wa ardhi uliwafaa kuliko hekima.

Sheria ya pili ni paa. Sauti ikipanda katika uwanja ulio wazi huenda zake mbinguni. Ikikutana na paa lililoinama hurudi kwa waliyoitoa, nao wakiisikia hujitambua kuwa wengi. Katika uwanja wa Anfield, mjini Liverpool, jukwaa lijulikanalo kwa jina la Kop lilijengwa mwaka 1906 na kuezekwa mwaka 1928. Jina lenyewe ni la Kiafrika kwa asili ya mahali: ni kilima cha Spion Kop huko Natal, ambako askari wengi kutoka pande zile za Uingereza waliuawa Januari 1900 katika vita na Makaburu. Tangu mwaka 1963 watu wa Kop wameimba wimbo uitwao You'll Never Walk Alone, ambao haukutungwa kwa ajili ya mpira, bali ulitoka katika mchezo wa kuigiza wa Marekani wa mwaka 1945. Washabiki waliusikia kwenye vipaza sauti vya uwanja, wakauchukua, ukawa wao. Yafaa kukumbuka kwamba sauti kubwa ilikwisha kuwapo. Wimbo uliipa umbo.

Viungo hivyo viwili, ukaribu na paa, ndivyo vya kupimwa pia Dar es Salaam. Uwanja mkubwa wa Temeke, uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020 baada ya kufariki kwake, huchukua watu 60,000. Paa upo, lakini njia ya riadha ipo vile vile. Kwa kanuni ya Torino, uwanja huu haustahili kunoga. Nao hunoga, hakuna aliyeuona siku Simba walipowafunga Al Ahly bao 1-0, tarehe 23 Februari 2021, awezaye kukana. Basi lipo jambo linalofidia umbali, na jambo hilo ni la lugha.

Tazama kwanza majina. Uwanja wa zamani ulio jirani, ambamo bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa mwaka 1961, una jina tukufu la Uhuru. Watu huuita Shamba la Bibi, msemo ambao katika mazungumzo hutaja mali inayovunwa na kila apitaye. Uwanja mpya huitwa Kwa Mkapa, kama vile mitaa ya mji huo inavyoitwa Kwa Mtogole au Kwa Azizi Ally. Jina la heshima limegeuzwa kuwa nyumba ya mtu, na aingiaye nyumbani mwa mtu yumo chini ya amri ya wenyeji. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi wa wapenzi wa Simba: "Kwa Mkapa hatoki mtu." Sarufi yake ni ya kutazamwa. Mahali pametangulizwa, kitenzi cha kukanusha kimefuata, na mtendaji amewekwa mwisho kabisa, hata uzito wote ukamwangukia. Lau ingalisemwa "Mtu hatoki kwa Mkapa", ingalikuwa taarifa, kama habari ya mlinzi wa lango. Kwa mpango wake ulivyo, ni kitisho, tena chenye kicheko ndani yake.

Kicheko hicho kina ukoo. Simba na Yanga, klabu mbili zilizozaliwa miaka ya 1930 na zenye makao yao Kariakoo, huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Utani wa makabila ulikuwa mkataba: mtani aliruhusiwa kumtukana mtani mwenziwe hata msibani, naye hakuruhusiwa kukasirika, na siku ya taabu ndiye aliyekuja kusaidia kuzika. Zinapokutana klabu hizi, uwanja mmoja hugawanyika nusu kwa nusu, wala hakuna mgeni, kwa kuwa kila upande huuita uwanja ule wake. Huko Dortmund ukuta wa watu karibu 25,000 wanaosimama jukwaa la kusini husema kwa sauti moja, na sifa yake ni umoja. Dar es Salaam sifa ni majibizano. Upande mmoja ukirusha neno, upande wa pili hauna budi kulirudisha likiwa limeongezwa chumvi. Ni desturi ile ile ya vyama vya ngoma vya pwani, ambavyo vilishindana kwa mavazi na kwa tungo za kukejeliana zamani kabla ya viwanja vya zege. Majibizano hayo huvuka njia ya riadha bila ya taabu, maana yametungwa ili yavuke.

Kwa sababu hiyo hatari iliyopo haitoki kwa wajenzi peke yao. Siku hizi maneno ya utani hutungwa ofisini, na wasemaji wa klabu huyasambaza wiki nzima kabla ya mchezo, hata washabiki wafikapo uwanjani wamekwisha kupewa la kusema. Vipaza sauti navyo hujaza kila nafasi kwa muziki wa kukodi. Ile siku ya tamasha ambayo kila klabu huifanya kabla ya msimu hujaza uwanja pomoni, na wasanii huimba. Lakini mchezo wenyewe ni wa kirafiki na hakuna cha kupoteza. Hizo ni shamrashamra, tena nzuri. Kuziita kunoga ni kulipunguzia neno maana yake.

Haifai pia kuyasifu majukwaa ya zamani kana kwamba hayakuwa na deni. Watu 97 walipoteza maisha kwa msongamano wa Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, na kutokana na msiba huo viwanja vikubwa vya Uingereza vikawekwa viti. Kop ya kusimama ilikwisha mwaka 1994. Nairobi, tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika mkanyagano wa uwanja wa Nyayo, siku ya mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Mwandishi anayelilia msongamano wa zamani bila ya kutaja habari hizi anaandika nusu ya habari. Wajerumani wameonyesha kwamba kusimama kwaweza kuwekewa vizuizi na vipimo vya kulinda watu, na Waingereza wenyewe walianza kuruhusu tena kusimama kwa namna hiyo mwaka 2022.

Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa ajili hiyo ujenzi wa viwanja vipya ulianza Arusha na Nairobi. Magazeti yametangaza kwa furaha idadi ya viti: 30,000 kwa Arusha, 60,000 kwa Nairobi. Ni mara chache kuona maelezo ya umbali wa kiti cha kwanza kutoka mstari wa pembeni, au ya urefu wa paa, au ya mahali watakapowekwa wapiga ngoma. Na viti vikisha kufungwa, mambo hayo hayabadiliki.