Fundi wa Ngoma Hupimwa kwa Wanafunzi Wake

Anayetaka kujua uzito wa kazi ya mpiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo wa Dodoma, Tanzania, aanze kwa kutazama miguu. Ngoma hubanwa katikati ya mapaja, na mwanamke wa Kigogo anayeipiga haketi: husimama, hujongea, huyumba pamoja na wenzake na kuitikia wimbo, huku mikono yake ikishikilia mdundo usiofanana na wa jirani yake. Mdundo mmoja ukisikilizwa peke yake hausemi mengi. Maana hutokea unapokaa mahali pake kati ya mingine. Juu yake huja sauti za waimbaji, zinazoandamana kwa masafa ya nne na ya tano katika ngazi ya noti tano. Huo ni ufundi kamili, na una sifa moja ambayo makundi mashuhuri ya dansi duniani huitafuta kwa gharama kubwa: ndani yake, kucheza na kufundisha ni tendo moja.

Tuilinganishe na baleti. Mwaka 1661 Louis XIV wa Ufaransa aliianzishia dansi chuo cha kifalme, na tangu hapo baleti imelelewa na watawala, matajiri na majumba ya maonyesho. Kundi la baleti huwa na msimu wake, tiketi zake na watazamaji wake wanaokaa gizani. Likitaka kuifikia jamii, hulazimika kutoka nje ya jumba na kutuma walimu mitaani. Kazi hiyo ni njema, na Afrika Mashariki imeona matunda yake: Nairobi, watoto wa Kibera wamefundishwa baleti, na Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda, alifika hadi chuo cha English National Ballet, London. Hata hivyo jamii hapo hufuatwa baada ya sanaa kukamilika. Katika ngoma ya Wagogo, jamii ndiyo iliyotangulia.

Hata msimu wa ngoma haukupangwa na ofisi. Nyanda za kati za Tanzania, wanakoishi Wagogo, zina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na katika miezi hiyo mkono uko kwenye jembe la mtama na uwele. Mavuno yakiisha kiangazi huingia, chakula kipo ghalani, na ndipo zamu ya jando, harusi na ngoma hufika. Mtoto huwa yupo tangu mwanzo. Mtafiti wa Kihispania Polo Vallejo aliandika kitabu kizima juu ya muziki wa watoto wa Kigogo, na kuwapo kwa kitabu hicho peke yake ni ushahidi: kabla ya kushika ngoma ya wakubwa, mtoto amekwisha kupita katika nyimbo na michezo yenye kanuni zake. Hakuna siku anayoambiwa kwamba somo limeanza.

Wapo watakaosema kwamba basi hakuna ufundi hapo, kwa kuwa Mgogo huzaliwa na ngoma damuni. Sifa hiyo ni tusi lililovalishwa kanga, kwa kuwa hufuta miaka ya mazoezi na kumnyima mwalimu haki yake. Kioko hakurithi baleti kwa damu ya mfalme yeyote wa Ufaransa. Alifundishwa, akafanya bidii. Mpiga muheme naye amefundishwa, ila darasa lake halina kuta.

Wengine watadai kwamba ngoma ikipandishwa jukwaani hufa. Hoja hii ina uzito zaidi. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma zao, na baadaye serikali ikaunda kundi la taifa la ngoma. Kukusanya ngoma za makabila mengi na kuzifupisha kwa dakika za jukwaani kulipunguza mengi. Lakini mtazame Hukwe Zawose, aliyetoka Dodoma na kuufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya Ulaya kwa ala za ilimba na zeze. Hakuishia kupigiwa makofi. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, na alipofariki mwaka 2003 aliacha ukoo wa wanamuziki wanaoendelea. Kwa hiyo jukwaa pekee haliui ngoma. Ngoma hufa pale mchezaji asipoacha mwanafunzi.

Pingamizi la tatu haliepukiki. Muheme ulihusiana na unyago, na katika Mkoa wa Dodoma unyago wa wasichana uliandamana na ukeketaji, ambao sheria ya 1998 imeupiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Je, tusifu ngoma yenye historia hiyo? Ndiyo, kwa sababu ngoma imeonyesha kwamba inaweza kuishi bila kisu. Leo muheme unasikika kanisani, mashuleni na kwenye sherehe za kitaifa, na mdundo haukupungua. Kuutetea ukeketaji kwa kisingizio cha ngoma ni kosa. Kuizika ngoma kwa sababu ya ukeketaji ni kuwaadhibu wanawake mara mbili.

Hatari iliyopo sasa ni nyingine. Dodoma ni makao makuu, na wageni wa serikali ni wengi. Kundi la ngoma huitwa, huchezea wageni wakiwa wanashuka garini, hulipwa posho, hurudi kijijini. Tukizoea hivyo, tutakuwa tumeufuata udhaifu wa baleti bila kupata nguvu zake, yaani shule, ratiba na mishahara. Dawa yake haihitaji jengo jipya. Kila taasisi inayoalika kundi la muheme ilipe pia siku za kufundisha: shule za msingi za Chamwino na Bahi, vyuo vya jijini, hata wanafunzi wa chuo kikuu kilichopo Kikuyu, Dodoma, wanaosoma miaka mitatu katika nchi ya Wagogo na huenda wakaondoka bila kushika ngoma. Mzee anayejua alipwe kama mwalimu, kwa saa za kufundisha, maana makofi hayamlishi wala hayaachi mrithi.