Sauti Mbili, Pumzi Moja: Namna ya Kupima Rekodi za Simon na Garfunkel

Ukitaka kujua kama watu wawili wanajua kuimba pamoja, usisikilize neno linavyoanza. Sikiliza linavyokwisha. Kuanza pamoja si kazi kubwa: gitaa linatoa ishara, wote wanavuta pumzi, wanaingia. Kazi iko kwenye kufunga. Sisi tunaoimba kwa Kiswahili tumependelewa, maana maneno yetu huishia kwa irabu, na anayechelewa kidogo hubebwa na irabu hiyo hiyo. Kiingereza hakina huruma hiyo. Neno linaloishia kwa "s" au "t" likifungwa na vinywa viwili kwa nyakati mbili, sikio linapata mchakacho kama wa karatasi inayokunjwa. Kwa Paul Simon na Art Garfunkel utasikia "s" moja. Chukua rekodi yao yoyote nzuri, vaa hedifoni, fuata miisho ya maneno tu kwa dakika mbili. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, nami nakiona kikubwa kuliko vyote vinavyofuata.

Hawakukipata kwa damu. The Everly Brothers, ambao vijana hawa walijifunza kuimba kwa kuwaiga, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Simon na Garfunkel, waliozaliwa wote mwaka 1941, walikuwa watoto wa mtaa mmoja tu, Kew Gardens Hills huko Queens, New York. Walifahamiana mwaka 1953 kwenye mchezo wa kuigiza wa shule, "Alice in Wonderland", Simon akiwa sungura na Garfunkel akiwa paka. Katika mazoezi walikaa pua kwa pua, kila mmoja akitazama kinywa cha mwenzake ili aige ulimi unavyogusa meno. Mwaka 1957, wakiwa bado wanafunzi na wakijiita Tom & Jerry, walitoa "Hey, Schoolgirl", ikafika nafasi ya 49 kwenye chati ya Billboard. Isikilize mara moja ili ujue walikotoka. Ni kazi ya vijana wanaoiga, na wanaoigwa wanasikika waziwazi. Lakini ile namna ya kufunga neno tayari imo.

Baada ya hapo nenda kwenye wimbo uliotoka mara mbili, kwa sababu hakuna rekodi inayofundisha sikio kama huo. "The Sound of Silence" ulirekodiwa mwaka 1964 kwa ajili ya albamu yao ya kwanza, "Wednesday Morning, 3 A.M.", kwa sauti zao na magitaa yasiyo ya umeme. Albamu haikuuzika. Wawili wakaachana, Simon akaenda Uingereza kuimba kwenye vilabu vidogo vya nyimbo za jadi. Tarehe 15 Juni 1965, mtayarishaji wao Tom Wilson, ambaye siku hiyo alikuwa studioni na Bob Dylan wakirekodi "Like a Rolling Stone", aliwabakiza baadhi ya wapigaji, akawapa kanda ile ya zamani, wakaipigia juu yake gitaa la umeme, besi na ngoma. Wenye wimbo hawakuambiwa. Mwezi Januari 1966 ulikuwa namba moja Marekani, na Simon na Garfunkel wakawa kundi tena.

Sikiliza matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, bila kupumzika katikati. Sauti ni zile zile, kutoka kanda ile ile. Kilichobadilika ni aliye nyuma yao. Sasa ielekeze akili yako kwa mpiga ngoma. Wimbo ulikuwa umeimbwa huru, ukienda na pumzi za waimbaji, mara ukivuta na mara ukilegea, na yeye hakuwa na la kufanya ila kuwafuata. Kuna mahali utamsikia akipunguza mwendo ili awangoje. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa la kiufundi. Mimi naona toleo la umeme ndilo bora, na ubora wake unatoka hapo hapo penye kulegea. Rekodi nyingi za roki za miaka ile zina ngoma inayoamuru na mwimbaji anayetii. Hapa ngoma inatii. Basi hicho ndicho kipimo cha pili: vyombo vinapoongezeka, nani anamfuata nani?

Kipimo cha tatu kinahusu mtu asiyeonekana kwenye jalada. Fundi mitambo Roy Halee alikuwa nao tangu albamu ya kwanza, na bila kumjua utawapa wawili sifa ambazo ni za watatu. Halee alipendelea kuwarekodi wakiwa pamoja kwenye maikrofoni moja, kwa sababu sauti zao zikikutana hewani kabla ya kufika kwenye mashine zilizaa kitu ambacho kuchanganya baadaye hakukiwezi. Kisha waliweza kuziimba tena juu ya zile za kwanza, zikanenepa. Katika "Scarborough Fair/Canticle" ya mwaka 1966 unasikia ustadi huo: wimbo wa jadi wa Kiingereza uko mbele, na wimbo mwingine unaohusu vita unapita katikati yake. Jaribu kuufuata huo wa pili peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Rekodi mbovu ingekupotezea njia kwenye ubeti wa pili.

Hapo pia pana deni, na mpimaji mwaminifu hulitaja. Simon alijifunza mpangilio wa wimbo huo kutoka kwa mwimbaji wa nyimbo za jadi Martin Carthy huko London, na jina la Carthy halikuwekwa kwenye santuri. Jambo hilo liliuma kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2000 walipouimba pamoja jukwaani London. Ubora wa sauti haufuti deni, wala deni halifuti ubora wa sauti. Lakini anayejiita mjuzi wa rekodi hizi ajue gitaa lile lilitoka mkononi mwa nani.

Umahiri wa Halee unafika kileleni kwenye "The Boxer" ya mwaka 1969. Ulichukua zaidi ya saa 100 kurekodi, katika sehemu kadhaa: Nashville, studio za New York, na kanisa la St. Paul's la Chuo Kikuu cha Columbia. Kiitikio chake hakina maneno yenye maana, na kila kinaporudi kinapigwa kishindo kizito. Hicho ni ngoma ya Hal Blaine, iliyowekwa kwenye korido mbele ya shimo la lifti ili mwangwi wa jengo lenyewe uingie ndani ya wimbo. Ukisikiliza kwa spika ndogo ya simu utapata mlio mkavu tu. Wimbo huu unadai spika zenye kifua. "Cecilia" kinyume chake hauhitaji chochote: ulianzia nyumbani, watu wakipiga mapaja na kiti cha piano mbele ya kinasa sauti cha kawaida, na furaha ya chumba kile bado imo.

Kuhusu "Bridge over Troubled Water", wimbo uliobeba jina la albamu ya mwaka 1970, sina mengi, kwa sababu umekwisha kusifiwa vya kutosha. Simon aliutunga kwa gitaa, Larry Knechtel akauhamishia kwenye piano, na Garfunkel akauimba. Beti mbili za kwanza hazina dosari. Ubeti wa tatu uliongezwa baadaye studioni, na Simon mwenyewe amesema unasikika hivyo. Sikiliza uone kama nawe unausikia mshono.

Anayenunua aangalie jambo moja: mkusanyiko wa "Greatest Hits" wa mwaka 1972 una baadhi ya nyimbo zilizochukuliwa jukwaani badala ya studio. Ni nzuri, lakini usizitumie kupima kazi ya Halee.

Rekodi ninayomwekea mgeni mwishoni kabisa ni "The Only Living Boy in New York", ya albamu ile ile ya 1970. Wakati huo Garfunkel alikuwa ameondoka kwenda Mexico kuigiza kwenye filamu ya "Catch-22", na Simon alikuwa amebaki New York akitunga peke yake. Anamwita rafiki yake Tom, jina alilolitumia Garfunkel enzi za Tom & Jerry. Karibu wimbo wote ni sauti moja, na ukiwa umezoea kusikiliza wawili utahisi upande mmoja wa chumba ni mtupu. Ngoja. Zinapanda sauti kutoka mbali, nyingi, zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka katika chumba cha mwangwi, karibu bila maneno, kama kwaya iliyo upande wa pili wa bonde. Garfunkel yumo humo. Hapo hakuna "s" wala "t" ya kufunga, ni karibu irabu tupu, na bado zinakwisha pamoja.