Beti Kumi na Mbili za Matusi

Nina ugomvi na sisi tunaojiita washairi wa kupinga dhuluma. Tukipanda jukwaani ni kelele mtindo mmoja: serikali hivi, vita vile, makofi, basi. Nami nimo. Mwaka jana nilipeleka shairi kwa jarida moja, nimewatukana wakubwa beti kumi na mbili. Likarudi. Nikanung'unika eti wameogopa. Kumbe shairi lenyewe lilikuwa bovu.

Nililijua hilo niliposoma upya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Kijana huyu wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa ajili ya karatasi aliyoiandika 1968, Kenya: Twendapi? Huko gerezani akatunga, akiandika kwenye karatasi za choo. Oxford wakakichapa kitabu 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga!

Lakini hadithi ya karatasi za choo imetuharibia usomaji. Tunaisimulia, tunamsifu mtu, kitabu hatukifungui. Hebu kifungue. Tazama "Mamba": hakuna waziri wala askari. Kuna mnyama wa mtoni anayejiona hawezekani. Bwana jela angelisoma angesema mfungwa anatunga juu ya wanyama. Mimi na wewe tunajua mamba ni nani. Au "Mnazi", ambamo Alii na Badi, mtu na nduguye, wanagombania mti. Kila mmoja anatoa hoja zake, hata yule unayemwona mdhalimu, mpaka unashika tama. Mimi katika beti zangu kumi na mbili nilimnyima mkubwa hata neno moja. Ndiyo maana halikumuuma.

Kasoro zipo. Kimvita chake kinatutoa jasho sisi tuliokulia bara. Ilinibidi nimwendee mama mmoja muuza mahamri anieleze "n'shishiyelo", yaani nililolishikilia, naye akaeleza huku ananicheka. Na "Siwati", linalopendwa na wengi, kwangu ni tangazo kuliko shairi: anasema haachi, nami nimemwamini tangu ubeti wa kwanza. (Mtanizomea, najua.) Ila vina havitetereki. Mtu kafungiwa, bado anahesabu mizani!

Langu nimelichana. Naanza upya, na safari hii anayezungumza ni yule mkubwa.