Viungo Vilivyokufa na Kazi ya Mrekebishaji

Kiungo cha intaneti ni anwani tu. Hakibebi maandishi kinachoyaashiria. Ukurasa ukihamishwa au ukifutwa, makala ya zamani hubaki yakimwelekeza msomaji mahali patupu. Mwaka 2014 Zittrain, Albert na Lessig walionyesha kwamba nusu ya anwani zilizotajwa katika maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani hazikumfikisha tena msomaji kwenye habari iliyokusudiwa.

Kurekebisha viungo hivyo huhesabiwa kuwa kazi ya fundi, ilhali ni kazi ya mhariri. Mradi wa Kamusi ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 unatoa mfano ulio karibu na wasomi wa Kiswahili. Ulianza kutajwa kwa anwani ya Yale. Baadaye ukahama, na kamusi yenyewe ikabadilika. Anayeifuta anwani ya Yale na kuweka mpya humkabidhi msomaji kamusi nyingine, na hoja iliyojengwa juu ya maelezo ya awali huonekana kana kwamba imezushwa.

Yafaa zaidi kuelekeza kwenye nakala iliyohifadhiwa. Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, huipa kila nakala anwani yenye tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Thamani yake kwa mhakiki ni ile ile ya maneno ya mnakili mwishoni mwa mswada, ajitajapo jina na tarehe. Hapana budi basi kuchagua nakala iliyo karibu na siku makala yalipoandikwa. Wengi huchukua ya karibuni zaidi, ambayo mara nyingine ni picha ya ukurasa uliokwisha kufa.

Mitambo nayo imesaidia sana. Kufikia mwaka 2018 viungo zaidi ya milioni 9 vya Wikipedia vilikuwa vimeokolewa. Lakini mtambo hupima uhai kwa jibu la seva. Jibu la 404 ni kifo. Seva inayompeleka msomaji kwenye ukurasa wa mbele na kujibu 200 hudhaniwa nzima, hata kama jina la tovuti limekwisha kununuliwa na wenye kamari. Hapo jicho la msomaji makini halina badala.

Wikipedia, kwa sifa yake, huiacha anwani ya asili kando ya ile ya hifadhi. Kwingineko hufutwa, na pamoja nayo ushahidi wa kile mwandishi alichokisoma. Pasipo nakala yoyote, anwani ya zamani ibaki ilivyo, na kando yake tarehe iliyogunduliwa kuwa imekufa.