Kuendelea si Kubuni

Katika insha za wanafunzi wetu, na hata katika hotuba za wakubwa, maneno matatu yamezoea kutembea pamoja kama ndugu wa tumbo moja: maendeleo, uvumbuzi na ubunifu. Kila uletwapo mtambo mpya, huitwa kwa lolote kati ya majina hayo, kisha huongezwa kwamba umemzidishia mwananchi uhuru. Mazoea haya yastahili kuhakikiwa, kwani lugha ikichanganya mambo, fikira nazo huchanganyika.

Tuanze na maneno yenyewe. Kuendelea ni kwenda mbele zaidi katika njia iliyokwisha kushikwa. Gari la moshi huendelea, lakini halichagui reli. Kuvumbua ni kufichua kilichokuwapo bila kujulikana. Kubuni ni kutunga wazo na kulipa umbo, ndiyo maana sisi walimu wa fasihi huziita riwaya na tamthilia kazi za kubuni. Basi mitambo yaweza kuendelea kwa kasi na nguvu pasipo mtu kubuni namna mpya ya kuishi. Kadhalika, mtu aweza kubuni jambo kubwa kwa chombo cha kawaida kabisa.

Uganda inatupa mfano ulio wazi. Kabla kampuni za simu hazijaanzisha huduma ya kutuma pesa, watu walikwisha kuipata njia yao wenyewe. Aliyekuwa Kampala alinunua vocha, akamsomea tarakimu zake mwenye simu ya biashara kijijini. Huyo aliiingiza vocha katika simu yake, akakata ujira wake, na kiasi kilichobaki akamkabidhi jamaa wa mtumaji kwa fedha taslimu. Hapakuwa na mtambo mpya hata mmoja. Simu ilikuwa ile ile na vocha ile ile; kipya kilikuwa wazo. Huo ndio ubunifu, na wenye kubuni walikuwa watu wa kawaida.

Maendeleo yalifuata baadaye. Kenya ilianzisha M-Pesa mwaka 1997 + 10, yaani 2007, na nchini Uganda huduma ya namna hiyo ikaanza mwaka 2009. Hatuna budi kukiri manufaa yake. Njia ya vocha ilitegemea uaminifu wa mtu mmoja, na aliyedhulumiwa hakuwa na hati ya kuonyesha. Siku hizi mzazi hulipa karo akiwa shambani, na ujumbe uliomo katika simu yake ni ushahidi wa malipo.

Lakini ushahidi huo una nyuso mbili. Kumbukumbu inayothibitisha kwamba nimelipa ndiyo hiyo hiyo iwezayo kumwambia mwingine nimemlipa nani, lini, na kiasi gani. Mwaka 2017 wenye kadi za simu nchini Uganda walitakiwa kuzithibitisha kwa vitambulisho vya taifa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilifungwa na huduma ya kutuma pesa ikasimamishwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Mwezi Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao hiyo. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mwingine, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa.

Katika matukio hayo mitambo haikuharibika, wala haikurudi nyuma. Ilikuwa imeendelea kiasi kwamba amri moja ilitosha kuwanyamazisha mamilioni kwa pamoja. Kwa hiyo yule asemaye kwamba teknolojia huleta uhuru amesema nusu ya neno, na yule asemaye kwamba huuondoa amesema nusu ya pili. Uhuru wa mtu haupimwi kwa upya wa chombo, bali kwa sehemu aliyo nayo katika kuamua jinsi kitakavyotumika.

Kiswahili chenyewe kinatupa onyo. Kutuma, kutumia na mtumwa ni maneno ya shina moja. Tunatuma pesa, tunatumia simu. Yafaa tuulize kila mara ni nani anayetumwa.

Walimu wenzetu, mada ya "Faida na Hasara za Teknolojia" imechakaa madarasani. Mwanafunzi hupanga faida tano na hasara tano, akapata alama zake bila kufikiri. Tumpe badala yake kifaa kimoja anachokijua, tumtake ajibu maswali matatu: nani aliyekibuni, nani anayekimiliki, na nani awezaye kukizima? Akiyajibu kwa Kiswahili fasaha, atakuwa amejifunza insha na uraia kwa pamoja.