Rola, Brashi na Nyasi za Plastiki

Mwaka 1967 David Hockney, mchoraji Mwingereza aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alichora bwawa la kuogelea la nyumbani na kuupa mchoro huo jina A Bigger Splash. Julai ya mwaka huohuo James Faria na Robert Wright wa kampuni ya Monsanto walipewa hataza ya nyasi bandia za nailoni, zilizokuwa zimekwisha kutandikwa katika uwanja wa Astrodome, Houston, mwaka 1966. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Ninachosema ni kwamba kazi hizi mbili zimekutana katika fani, na anayejiuliza kwa nini nyasi bandia zinazozunguka mabwawa ya California mara nyingi haziridhishi macho, jibu atalipata akiusoma mchoro huo taratibu.

Turubai karibu ni mraba kamili: sentimita 242.5 kwa 243.9. Anga, ukuta wa nyumba, sakafu ya rangi ya waridi na maji yenyewe vimepakwa kwa rola, tabaka juu ya tabaka, kwa akriliki isiyoacha alama ya mkono. Mistari mikuu imelala. Ubao wa kurukia wa manjano ndio peke yake unaoingia mshazari kutoka pembe ya chini, nao unalipeleka jicho moja kwa moja mahali maji yaliporuka. Mrukaji haonekani, amekwisha kuzama. Kiti kitupu kimebaki mbele ya dirisha kubwa la kioo.

Ugawaji wa kazi katika mchoro huu ndio unaonishika zaidi. Vitu vya kudumu, yaani nyumba, sakafu na anga, vimepata rola. Mimea, kiti na vivuli vya majengo ndani ya kioo vimepata brashi. Mruko wa maji, jambo la sekunde mbili, Hockney aliuchora kwa brashi ndogo kwa muda wa wiki mbili hivi. Jasho lote limekwenda kwa kile kisichokaa. Ndiyo maana ubapa wa sehemu nyingine hauchoshi: umewekwa bapa kwa makusudi, ili weupe ule uliochafuka katikati upate mahali pa kupasukia. Kisha akaacha ukingo mpana wa turubai usiopakwa rangi kuzunguka picha nzima. Ukingo huo unatamka wazi kwamba hii ni rangi juu ya kitambaa, na mtazamaji asidhani anachungulia dirishani.

Sasa tutazame zulia la kijani, yaani nyasi bandia. Fundi huchimba udongo wa juu, humwaga kokoto laini, huzishindilia zikiwa na mteremko ili maji yakimbie mbali na bwawa, kisha hukunjua marobota. Vipande huungwa kwa utepe na gundi, na majani yote lazima yalalie upande mmoja. Kipande kimoja kikigeuzwa, mshono utaonekana hata kwa mtu aliye mbali, kwa sababu mwanga unagonga nyuzi kwa namna mbili tofauti. Mwisho hunyunyiziwa mchanga ili nyuzi zisimame. Hadi hapa ni kazi ya rola: uso mmoja, rangi moja, mpaka ulionyooka. Hockney angeielewa.

Kinachoiharibu ni woga. Tazama kwa karibu, chini ya majani ya kijani: viwanda vingi hufuma humo nyuzi za kahawia zilizojikunja, mfano wa nyasi zilizokufa. Plastiki inavishwa kifo ili ionekane hai. Fundi naye huusukuma ukingo wa zulia ufichike chini ya mawe ya bwawa, asijue mtu lilipoanzia. Kila hatua ni juhudi ya kufuta dalili za kazi iliyofanyika, wakati mchoro uleule wa rangi bapa unapata nguvu kwa kuzionyesha.

Wapo watakaosema kwamba nyasi halisi zingekuwa za kweli zaidi. Kwa Los Angeles hoja hiyo haisimami vizuri. Tangu mwaka 1913 jiji hilo limekuwa likivuta maji kwa mfereji kutoka bonde la Owens, mamia ya kilomita kaskazini, na majani yake ya kijani yamekuwa yakiishi kwa mabomba. Hockney aliliona hilo. Katika A Lawn Being Sprinkled, mchoro mwingine wa 1967, majani ni alama ndogo za kijani zilizorudiwarudiwa, na maji ya vinyunyizio yamesimama kama pembetatu. Nyasi hai zimechorwa kama kitu kilichotoka kiwandani, kwa sababu katika nchi kavu namna ile zilikuwa kazi ya binadamu tangu mwanzo.

Lipo jambo moja ambalo turubai haliwezi kukuonya. Lile dirisha kubwa la nyuma, lingekuwa la vioo vya kisasa vya kurudisha joto, lingeweza kukusanya jua na kuyayeyusha majani ya plastiki yaliyo mbele yake. Na hata pasipo kioo, jua la mchana huyapasha hadi nyayo za anayetoka majini zikaungua. Kwenye mchoro, kati ya maji na ukuta ipo sakafu ngumu ya waridi, na kijani kimebanwa chini ya ukuta. Kwa macho na kwa nyayo, mpangilio huo ni bora.

Hukumu yangu ni hii: zulia zuri kando ya bwawa ni lile linalokubali kuwa zulia. Liwe na rangi moja bila nyuzi za kahawia, likomee kwenye mstari wa mawe ulio wazi, na liache sakafu tupu ya kutosha kati yake na maji.