Kufuli Lililobaki Baada ya Kazi Kuisha

Simu ya Android ikiwashwa leo mjini Keroka, Kenya, keneli yake ya Linux hupitia mapema kwenye funksheni iitwayo start_kernel. Hadi mwaka 2010 funksheni hiyo ilikuwa na kawaida ya ajabu: ilijifungia kufuli mapema kabisa, ilhali prosesa iliyoamka ni moja tu na hakuna wa kugombana nayo.

Kufuli hilo, Kufuli Kubwa la Keneli, liliingia na Linux 2.0 mwaka 1996, mashine za prosesa nyingi zilipoanza kuhudumiwa. Mwenye kulishika ndiye anayefanya kazi ndani ya keneli, wengine wangoje. Baadaye makufuli madogo yakachukua kazi, kila moja na data yake, lakini lile kubwa likabaki hapa na pale bila kujulikana linalinda nini hasa. Ni kama Keroka yenyewe, ambako kaunti za Kisii na Nyamira zimegombania ushuru wa soko: mpaka upo, ila muulize mtu unapita wapi.

Tufuate mkondo wa wakati huo. start_kernel inashika kufuli, inaandaa kumbukumbu na saa, inazaa uzi mpya, yaani mfuatano mwingine wa kazi, kisha inaliachia kufuli. Uzi ule unalishika tena, unaamsha prosesa nyingine, unayaita madraiva moja moja, halafu unaliachia muda mfupi kabla ya programu ya kwanza ya mtumiaji.

Kwenye madraiva ndipo penye hoja. Draiva likisubiri kifaa kijibu, uzi hulala. Na kwa tabia ya kufuli hili, uzi ukilala lenyewe hujiachia. Kwa hiyo ulinzi wake ulikuwa na matundu tangu hapo. Lingefaa tu kama uzi mwingine ungelidai wakati huohuo.

Arnd Bergmann, msanidi wa keneli ya Linux, alipotaka kuliondoa kufuli hili kwenye msimbo wa kuwaka, hakutegemea kuwasha mashine aone kama itaanguka. Mgongano wa namna hii waweza kujificha mara elfu, ukazuka mara moja. Alipekua msimbo hadi akaridhika kwamba hakuna draiva lililokuwa bado likilishika wakati wa kuwaka.

Mtego ulikuwepo: msimbo wa kuwaka ukimaliza kazi, kumbukumbu yake hurudishwa kwa mfumo. Tangu 2009 baadhi ya vifaa vyaweza kuandaliwa sambamba, na kumbukumbu ikirudishwa mapema, balaa. Lakini kinachozuia hilo ni hatua mahususi ya kusubiri kazi hizo zikamilike. Kufuli halikuhusika.

Badiliko lenyewe ni mistari michache, na sidhani kuna aliyeona mashine yake ikiwaka upesi zaidi. Kasi haikuwa lengo. Maadamu msimbo wa kuwaka ulilitumia, kila keneli ililazimika kulibeba. Toleo 2.6.37 la Januari 2011 likawa la kwanza kuweza kuundwa bila kufuli hilo. Mei mwaka huohuo toleo 2.6.39 likatoka bila kuwa nalo kabisa.